Meissen inarudia ya zamani bila shida, Opala inaitwa feki

Ingieni saloni yoyote ya Kisangani, Makiso ao Mangobo ni sawasawa. Mtakuta kabati ya vioo na ndani yake visanamu vya porselini: mbwa wawili weupe wenye shingo ya dhahabu, mtoto wa kizungu na mwavuli wake, bata watatu wenye kufuatana. Bibelo. Vingi vinatoka China, vinauzwa ku soko kwa franga kidogo, na mama wa nyumba hataki mtoto yeyote avikamate.

Tunavicheka, lakini ile biashara ina ukoo mrefu. Kiwanda cha Meissen, kule Ujerumani, kilianza mwaka 1710. Mchongaji wake mkubwa, Johann Joachim Kändler, aliingia mwaka 1731 na akatoa wanyama, wachuuzi, wachekeshaji wa tiamtri. Chini ya kila kisanamu wanaandika panga mbili za buluu zilizopishana. Mnunuzi anayejua kazi hatazami sura kwanza: anakigeuza atazame tako. Akikuta alama, anatafuta ufa. Kidole kimoja kikivunjika na kugandishwa tena, bei inaanguka. Kuna pia vile vya Hummel, watoto wa mashavu mekundu waliotokana na michoro ya sista mmoja wa Ujerumani. Kampuni ya Goebel ilianza kuvitengeneza mwaka 1935, na kisha ya vita askari wa Marekani wakavituma kwao kwa wingi. Leo wale wakusanyaji wamezeeka, watoto wao hawavitaki, na bei imeshuka sana. Hapo hakuna siri.

Siri inaanza na kisanamu kingine, cha mti, chenye kutoka ku mkoa wetu. Wambole wa Opala, kando ya mto Lomami, wanakiita ofika. Ni mtu mwembamba, uso wake una umbo la moyo, umepakwa rangi nyeupe ao ya njano, macho karibu yamefungwa, mabega yameinama mbele, mikono inafuata mwili. Angalia miguu. Magoti yamejikunja kidogo, nyayo hazikanyagi kitu. Huyu mtu hasimami, ananing'inia. Ni sura ya mtu aliyenyongwa kwa kuvunja sheria ya Lilwa, na wale wanaoingizwa katika Lilwa walionyeshwa ile sura ili wajue uzito wa neno walilolishwa. Hakuna aliyeiweka pembeni ya redio ili ipendeze.

Mimi naihesabu kati ya kazi kali zaidi zilizotoka katika misitu yetu, juu mchongaji amefanya kitu kigumu sana: ameonyesha uzito wa mwili bila kuonyesha kamba.

Leo ofika inauzwa ku minada ya Ulaya. Ukisoma namna katalogi za biashara hiyo zinavyoandikwa, utaona jambo. Porselini inapewa jina la aliyeitengeneza. Ofika inapewa majina ya walioimiliki: mkusanyaji fulani wa Brussels, kisha mfanyabiashara fulani wa Paris, kisha maonyesho, kisha kitabu kilichochapa picha yake. Mchongaji? Hakuna. Kijiji? Mara nyingi ni kabila tu. Na ufa unaoua bei ya Meissen, hapa unaipandisha: mchwa, rangi iliyokwisha, mti uliolainishwa na mikono, vyote vinahesabiwa kuwa ushahidi kwamba kitu kilitumika kweli. Tena kitu kikionyesha kwamba kilitoka Kongo zamani, kabla ya uhuru, ni bora zaidi. Kwa jirani zetu Warega, ile tarehe ina maana nyingine kabisa. Mwaka 1948 serikali ya mkoloni ilivunja chama chao cha Bwami, ambacho visanamu vyake vya pembe na mti vinapendwa vilevile kule. Yaani mwaka unaompa mnunuzi raha, njo mwaka mwenye kitu alikatazwa kukitumia.

Sasa njo pahali pananikasirisha. Meissen mpaka leo inatoa visanamu vya Kändler kwa modeli zake za zamani. Mtu alikufa mwaka 1775, kazi yake inatoka kiwandani leo, inapigwa panga mbili, inauzwa ghali, na hakuna anayesema ni ya uongo. Lakini kijana wa Opala akichonga ofika leo, kwa mti uleule, kwa mkono aliofundishwa na babu yake, soko linaiita kopi, kitu cha watalii. Kiwanda cha Saxony kina haki ya kujirudia. Kijiji cha Lomami hakina.

Najua mtakalojibu: ofika ya kweli ilichongwa kwa ajili ya Lilwa, ile mpya imechongwa kwa ajili ya dola. Sawa, kuna ukweli hapo, siupigi teke. Ila visanamu vya Kändler navyo vilitengenezwa kupamba meza za wakubwa wakati wa kula vitamutamu, havikuwa vya kabati. Ile kazi yao ya kwanza imekufa kama vile ya Lilwa imekatwa. Mmoja amesamehewa, mwingine hapana.

Na sisi tusijifanye malaika. Wachuuzi wetu wanakausha mti mpya ku moshi, wanauzika udongoni, wanasubiri mchwa, kisha wanasema "ni ya mzee wangu". Ni udanganyifu, ndiyo. Lakini soko njo liliwafundisha kwamba mkono wa mtu aliye hai hauna bei. Hata vilivyorudi havikukaa vyote: kisha ya Mobutu kudai sanaa yetu mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, Ubelgiji ilitoa vitu 114 kati ya 1976 na 1982, na vingine vikaonekana tena ku soko la Ulaya. Sheria mpya ya Ubelgiji ya mwaka 2022 inahusu vitu vilivyo mikononi mwa serikali yao; ofika iliyo ku saloni ya mtu binafsi haiigusi.

Kwa hiyo, wachongaji wakubali, ningependa kuona ofika mpya isiyofukizwa moshi, na chini ya miguu yake ile isiyokanyagi kitu pameandikwa kwa kisu: jina la mchongaji, Opala, mwaka huu. Halafu tuone nani kule Brussels atakigeuza atazame.