Kulima na Kutunza: Wangari Maathai Asomwapo Kikwajuni

Katika makala hii tunakusudia kukipima kitabu cha Profesa Wangari Maathai, Replenishing the Earth (2010), tukikisoma tukiwa Kikwajuni, Unguja. Mwandishi, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, anafundisha kwamba ardhi iliyojeruhiwa haiponywi kwa miche peke yake. Anataja tunu nne: kuyapenda mazingira, kuishukuru na kuiheshimu mali ya dunia, kujiendeleza, na moyo wa kujitolea. Twampokea kwa furaha, maana anayasahihisha mahubiri yanayoifanya Mwanzo 1:28 kuwa ruhusa ya kuharibu.

Hata hivyo, tunu ya nne yatutia mashaka. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, wakulima walio wengi ni wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, mwani wa kotonii ulikufa, ikapasa kulima kwenye kina kirefu. Huko kwahitajiwa chombo na kujua kuogelea. Wanawake wengi hawakupungukiwa moyo wa kujitolea. Walipungukiwa ngalawa na sauti. Mtafiti Dkt. Flower Msuya alijaribu pamoja nao kilimo cha nyavu katika kina hicho, na huo ndio uongozi tunaousema. Lakini sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi, lililokutana wakati huo hapa Kikwajuni. Kutoka Paje hadi ukumbi ule safari si ndefu kwa gari. Kwa mkulima wa mwani ni ndefu mno.

Kwa haki tuseme kwamba maisha ya Maathai yafundisha zaidi ya orodha yake. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Mahakama ililitupa shauri lake, lakini jengo halikujengwa. Hapo twaiona tunu ya tano, isiyoorodheshwa: kushiriki katika kuamua.

Katika Mwanzo 2:15 kulima na kutunza vilikabidhiwa pamoja. Sisi tumevitenga: mwanamke tumempa jembe, mwanamume tumempa muhuri. Basi mchungaji anayewahimiza akina mama kupanda mikoko, na aulize kwanza ni wangapi kati yao wanaketi katika kamati inayoamua juu ya ufuo ule. Asipouliza, mahubiri yake yatawaongezea kazi tu.