Namna ya Kuupima Mchezo wa Upelelezi

Mtu apendaye michezo ya upelelezi ya televisheni, hususan ile iliyotolewa katika vitabu, asiuhukumu mchezo kwa wingi wa damu wala kwa kishindo cha mwisho wake, bali kwanza aiulize nafsi yake: je, dalili iliyomfichua mwuaji iliwekwa bayana mbele ya macho yangu, au mtungaji aliifutika kwapani hata saa ya mwisho ndipo akaitoa?

Hapa kwetu Mkokoni, alfajiri, kabla maji hayajafuta alama za usiku, mjuzi apitaye ufukweni hutambua mnyama aliyepanda kutaga pasipo kumwona: alama zilizokwenda sambamba, mkono wa kulia ukilingana na wa kushoto, ni za kasa, na zilizopishana, moja mbele moja nyuma, ni za ng'amba. Mchanga haukuficha kitu. Mchezo mwema nao ni vivyo hivyo, na ndiyo maana hapana kipimo kikubwa kuliko kuutazama mara ya pili. Ikiwa sasa, ukiwa wamjua mwuaji, kila neno lake lasikika kwa maana mpya ilhali maneno ni yale yale, basi aliyeutunga ni fundi.

Ugumu ni katika kuhama kutoka kitabuni, maana kalamu huingia kichwani mwa mtu, na kamera haiwezi. Waingereza walipovitia vitabu vya Colin Dexter katika televisheni, kwa michezo 33 tangu 1987 hata 2000, mingine ikiwa imetungwa upya, walimgeuza Lewis, msaidizi wa Inspekta Morse, ambaye vitabuni ni mtu mzima wa Wales, wakamfanya kijana wa kaskazini ya Uingereza. Nami nawapa haki, kwa kuwa kijana aweza kuuliza bila ya kuona haya, na kwa kumjibu yeye Morse hulazimika kuyatamka aliyokuwa akiyawaza. Gari la Morse la Lancia kugeuzwa Jaguar jekundu ni pambo tu. Muziki nao ukimwamrisha mtazamaji aogope kabla hajaona cha kuogofya, jua ya kwamba mtengenezaji hakukiamini kisa chake.

Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyafahamu hayo zamani. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, kilimtoa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mbele ya wasomaji. Na katika visa vyake sahibu yake Najum huyaona yale yale ayaonayo yeye, akashangaa, akauliza, na msomaji akapata mwakilishi. Visa hivyo vyafaa sana kutazamwa, nami nawasihi mafundi wa michezo wa Unguja na Mombasa wavishike, wabadili watakacho, ila Najum wasimwondoe.