Kisomo cha Alasiri

Asubuhi, mwalimu akiingia darasani, watoto husimama na kumwamkia. Alasiri, chumba kilekile kikigeuka darasa la kisomo cha watu wazima, mwalimu ndiye anayeamkia: "Shikamooni." Wazee waliojibana kwenye madawati ya wajukuu wao huitikia, "Marahaba, mwalimu." Kwangu, heshima ya kazi hii huanzia kwenye salamu hiyo.

Mwaka 1964, akieleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Rais Nyerere alisema watu wazima ndio waanze kuelimishwa, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yangeweza kuchelewa hata miaka 20. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, nchini Tanzania, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama 10. Nyuma ya hesabu hiyo walikuwapo walimu waliokwisha kuchoshwa na vipindi vya asubuhi, na vijana waliomaliza darasa la saba, wakifundisha chini ya miembe kwa kifuta jasho kidogo mno. Fedha haiwezi kueleza kwa nini waliendelea kurudi. Nadhani kazi yenyewe iliwalipa.

Huku Kilosa tuna Chuo cha Ualimu Ilonga, na Ilonga hiyohiyo ina chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa mazao. Ujirani huo unafaa, maana kisomo hakianzi na herufi, huanza na shamba. Darasa huzungumza kwanza juu ya kuuza mahindi, juu ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, na mnunuzi mwenye haraka. Kisha neno moja huandikwa ubaoni: mizani. Hukatwa: mi-za-ni. Kila kipande huita ndugu zake, ma me mi mo mu, za ze zi zo zu, na ne ni no nu, na kutoka humo wanafunzi wenyewe hutunga nazi, meza, zana. Mwalimu hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko sehemu ngumu ya ufundi huu, na kunataka mazoezi zaidi kuliko kusema.

Halafu huja maswali. Mtoto hupokea herufi kwa kuwa mwalimu amesema. Mtu mzima hutaka sababu. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini ng'ombe ana alama na ngoma haina. Tukayatamka maneno yale mara kadhaa, darasa zima, tukisikiliza: katika ngoma, g inasikika waziwazi, katika ng'ombe, sauti yote inapita puani. Nilikuwa nimeandika maneno hayo tangu utotoni, na siku ile ndipo nilipoyasikia. Sijui kazi nyingine inayomrudishia mtu hivyo vitu alivyokwisha kuvizoea.

Na tukifika kwenye hesabu, mwalimu ndiye mwanafunzi. Mama anayeuza mahindi Kimamba hukokotoa kichwani, papo hapo, lumbesa imemla madebe mangapi juu ya gunia la kawaida. Anachokosa ni namna ya kuiandika hesabu hiyo tu. Nikimpa alama za kujumlisha na kutoa, namkabidhi kalamu ya akili aliyokuwa nayo siku zote.

Mmoja wa akina mama hao alikuja darasani na stakabadhi ya ufuta wake. "Mwalimu," akasema, "mizani ilisoma 68, hapa wakaandika 63. Nimewarudisha wakaandika upya." Alinionyesha palipofutwa na palipoandikwa tena. Furaha niliyoipata sijawahi kuipata kwa matokeo ya mtihani wowote.

Ningekuwa na usemi katika mafunzo ya walimu, hakuna ambaye angehitimu kabla hajafundisha darasa la alasiri walau msimu mmoja, kuanzia palizi hadi mavuno, akiwaamkia wanafunzi wake kila aingiapo.