Sauti Moja, Ngoma Nzima: Afrorack na Meza ya Fundi Redio

Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala ilitoa albamu ya Brian Bamanya, Mganda anayejulikana kwa jina la Afrorack. Kila anayeizungumzia huanza na habari ileile: chombo kilichoipiga, yaani sintesaiza (ala inayounda sauti kwa saketi za umeme), alikiunda mwenyewe, kwa sababu vya kiwandani vilikuwa na bei asiyoiweza, akatafuta michoro ya saketi kwenye intaneti na vipuri huko huko nyumbani. Habari hiyo ni ya kweli na inastahili sifa, ila inaishia mlangoni. Mimi nataka tuingie ndani. Sintesaiza ya analojia isiyoweza kutoa zaidi ya noti moja kwa wakati inapataje kuwa besi, ngoma, kengele na kayamba? Na kwa nini saketi zake haziko mbali hata kidogo na meza ya fundi redio wa Makambako, hapa kwetu Njombe, Tanzania?

Sisi wa Ilembula tunakijua kinanda cha kwaya. Unabonyeza namba, inakuja filimbi; unabonyeza nyingine, inakuja tarumbeta. Sauti zimeandaliwa kiwandani, na mpigaji akiweka vidole vitano, noti zote tano zinalia. Sintesaiza ya sauti moja haina tarumbeta ndani yake. Ukishika vitufe viwili, kimoja tu ndicho kinachosikika. Badala ya wingi wa noti inakupa ruhusa ya kugusa kila hatua ambayo sauti inapitia kabla haijafika kwenye spika. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970 kwa kampuni ya Robert Moog, ilijijengea heshima kwa mpango huo: osileta tatu, filta moja, noti moja. Chombo cha Bamanya ni cha moduli, yaani kila hatua ni kipande chake, na vipande vinaunganishwa kwa nyaya zenye jeki ya milimita 3.5, kipimo kilekile cha spika za masikioni za simu. Mjerumani Dieter Doepfer ndiye aliyeueneza mfumo wa aina hii katikati ya miaka ya 1990.

Tuanze na osileta, saketi inayozaa mlio wenyewe, maana hapo ndipo siri kubwa ilipo. Ya bei rahisi kabisa inatokana na IC ya 40106, yenye miguu 14 na milango sita ndani yake. Chukua mlango mmoja. Unganisha rezista kutoka tokeo lake kurudi kwenye ingizo lake, halafu kapasita kutoka ingizo kwenda ardhi. Kapasita inajaa umeme kupitia rezista. Ikifika kiwango fulani mlango unageuka, kapasita inaanza kumwaga. Ikishuka hadi kiwango cha chini mlango unageuka tena, na kazi inaanza upya. Kwa betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, mzunguko huo unajirudia mara 100 hivi kwa sekunde, na hiyo ni besi. Badili kapasita uweke ya 0.01, unapata mlio mkali wa karibu hezi 1,000. Sasa weka ya mikrofaradi 10. Noti inatoweka, unabaki mpigo mmoja kwa sekunde.

Saketi ni ileile. Noti na mkono unaoitikisa noti ni kitu kimoja, tofauti yao ni kasi tu. Mlango wa polepole ukiuelekeza kwenye osileta inayolia, sauti inapanda na kushuka. Ongeza kasi ya ule wa polepole taratibu, na utafika mahali ambapo sikio haliwezi tena kuhesabu kupanda na kushuka. Hapo mtikisiko unageuka kuwa rangi ya sauti, mlio wa chuma, mlio wa kengele. Naona huu ndio utajiri mkubwa wa chombo hiki kizima, na unapatikana kwa kuzungusha volyumu moja.

Mlio wa 40106 ukiwa mtupu ni mkavu na una makali. Wako watakaoukataa. Masikio ya nchi hii lakini hayajawahi kuogopa mvumo: ala ya ilimba ya Wagogo huwekewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti itoke na muungurumo wake.

Hatua ya pili ni filta, na huhitaji umeme ili kuielewa. Shika noti moja na utamke "u" ndefu, kisha bila kubadili noti iache igeuke kuwa "i". Koo limefanya kazi ileile muda wote; mdomo ndio uliozuia sauti za juu, kisha ukaziachia. Filta ya Moog, iliyopewa hataza mwaka 1969, inafanya hivyo kwa ngazi nne za transista na kapasita, na inapunguza desibeli 24 kwa kila oktavu juu ya pale ulipoiweka. Halafu kuna rezonansi: sehemu ya kinachotoka inarudishwa kuingia tena. Ukiirudisha kidogo, sauti inakaza mahali pamoja. Ukiirudisha sana, filta inaanza kulia yenyewe hata osileta ikizimwa.

Mashine ya besi ya Roland TB-303 ya mwaka 1981 ilikuwa na osileta moja tu na filta ya namna hiyo, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 1984 kwa kukosa wanunuzi. Vijana wa Chicago waliinunua kwa bei ya mtumba, wakazungusha rezonansi huku besi ikiendelea kujirudia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa "Acid Tracks". Mwangwi wa kazi ile unasikika wazi katika albamu ya Afrorack. Umoja wa sauti unasaidia hapa: kwa kuwa noti ni moja, kapasita moja inatosha kuifanya volti ya noti ya zamani itelezee kwenye noti mpya, na besi ikatembea kwa kuburuza.

Sasa ngoma. Weka filta pale ambapo inakaribia kulia yenyewe lakini bado hailii. Usiipe noti yoyote, ipe mshtuko mfupi wa umeme tu. Inaitika mara moja na kufifia, kama ngozi iliyopigwa kofi. Masafa ya filta ndiyo ukubwa wa ngoma, na rezonansi ndiyo muda inaochukua kunyamaza. Kwa hezi 60 unapata ngoma kubwa, kwa 200 unapata ndogo. Ukiongeza volti inayoshuka haraka ili masafa yaanzie juu na kuanguka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, unapata ule mgongano wa kwanza wa mkono na ngozi. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilipata ngoma zake kwa saketi zinazoitika namna hiyohiyo, na kengele yake ni mawimbi mawili ya mraba tu, moja la hezi 540 na jingine 800.

Kayamba inatoka mahali pa ajabu zaidi. Chukua transista ya kawaida, BC547 kwa mfano, uifunge kinyume: emita ielekee kwenye volti 12 kupitia rezista kubwa, mguu wa beisi uende ardhi, mguu wa tatu uachwe hewani. Fundi yeyote atakwambia umekosea. Umeme unapopenya kinyume hivyo hautulii, unatoa mchakacho uleule wa redio ikiwa kati ya stesheni mbili. Ukuze, upitishe kwenye filta, uufungue na kuufunga kwa haraka, nawe una kayamba.

Nani atapiga hayo yote? IC ya 4017, ileile ya taa zinazokimbizana kwenye mabango ya baa. Kila mpigo wa saa, yaani osileta ya polepole, unawasha tokeo linalofuata kati ya kumi. Tokeo la tisa ukilirudisha kwenye mguu wa kuanza upya, hatua zinabaki nane. Mwaka 2005 mwanasayansi wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba kanuni ya kale ya Euclid, ikitumika kutawanya mapigo kwa usawa kadiri inavyowezekana, inazaa midundo mingi ya jadi, ya Afrika ikiwemo. Mapigo matatu katika hatua nane yanaangukia 1, 4 na 7: unatoa matokeo hayo matatu, unayapitisha kila moja kwenye dayodi yake, unayakutanisha kwenye waya mmoja kwenda kwenye ngoma. Mapigo matano yanaangukia 1, 3, 4, 6 na 7, na hapo kuna mtego: 3 na 4 yamepakana, yatashikana na kuwa pigo moja refu. Weka kapasita ndogo kabla ya kila dayodi na rezista ya kwenda ardhini, na kila hatua itatoa mshtuko wake mfupi. Ongeza 4017 ya pili yenye hatua sita kwenye saa hiyohiyo. Mistari miwili itapishana na kukutana tena mwanzoni baada ya mapigo 24, na ngoma haitachosha upesi.

Sehemu ngumu ni melodia. Kanuni inayotumika ni volti moja kwa oktavu: kila volti inayoongezeka, masafa yanakuwa maradufu, 110, 220, 440. Nusu toni inakuwa milivolti 83, na kosa la milivolti 10 sikio la mwanakwaya litalishika. Mbaya zaidi, transista zinazofanya hesabu hiyo hubadilika kwa joto, karibu asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja. Uitune Njombe mjini asubuhi ya Julai, mchana joto lipande nyuzi 10, na noti iliyo oktavu mbili kutoka pale ulipotunia itakuwa imepotea kwa karibu nusu toni. Dawa ni rezista maalumu inayobadilika kwa joto hilohilo, igusane na transista zenyewe, na hicho ni kipuri ambacho huwezi kukibandua kwenye redio mbovu.

Kwa hiyo kwa kijana wa hapa mwenye waya wa kuchomelea na sanduku la redio zilizokufa, ushauri wangu ni kuanza na midundo. Filta inayopigwa haihitaji kanuni ya volti moja kwa oktavu. Ngoma ikipanda kidogo mchana, mpigaji anazungusha volyumu na kuirudisha kwa sikio. 40106 moja ina milango sita: mmoja uwe saa, miwili iwe kengele, mmoja besi, mmoja wa polepole wa kuitikisa besi, na wa sita ubaki kwa majaribio.