Tamari Nyumbani mwa Absalomu: Riwaya ya Chika Unigwe na Swali la Kurudi Kundini

Mahubiri juu ya sura ya 13 ya Kitabu cha Pili cha Samweli ni machache katika sharika zetu, na hata yanapokuwapo, kwa kawaida huishia kwenye hasira ya Daudi au kisasi cha Absalomu. Tamari mwenyewe huachwa mlangoni, vazi lake limeraruka na majivu yako kichwani. Mwandishi wa kitabu hicho naye anatuambia jambo moja tu juu ya maisha yake ya baadaye, kwamba alikaa katika ukiwa nyumbani mwa ndugu yake. Inapita miaka miwili hadi sikukuu ya kukata manyoya ya kondoo, inapita mingine mitatu Absalomu akiwa mkimbizi, wala hatusikii tena neno kutoka kinywani mwa dada yake. Alipewa nyumba na, bila shaka, chakula. Alipewa pia amri ya kunyamaza.

Nimeanza na Tamari kwa sababu riwaya ninayokusudia kuichambua imenirudisha kwake mara nyingi. On Black Sisters' Street, ya Chika Unigwe, mwandishi Mnaijeria aliyeishi Ubelgiji miaka mingi, ilitoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 2007, ikafuata kwa Kiingereza mwaka 2009, na mwaka 2012 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Nigeria. Inasimulia habari za wanawake wanne wa Kiafrika, Sisi, Ama, Efe na Joyce, wanaoishi katika nyumba moja mjini Antwerp na kuuza miili yao madirishani ili kumlipa Dele, tajiri wa Lagos aliyewasafirisha. Deni la kila mmoja ni euro 30,000. Barabara wanayoishi imepewa jina la watawa waliovaa mavazi meusi, na mwandishi hajapoteza nafasi ya kutuacha tulifikirie jina hilo.

Msomaji atakayetafuta humo habari ya wokovu wa kishujaa hataipata. Sisi, ambaye jina lake halisi ni Chisom, msichana aliyehitimu chuo kikuu akakosa kazi, ndiye pekee anayethubutu kuondoka, naye anauawa. Wale watatu wanabaki sebuleni na msiba, na hapo ndipo wanapoanza kuambiana ukweli. Mpaka siku hiyo walikuwa wamelala chini ya paa moja bila kujuana. Joyce siye Joyce bali ni Alek wa Sudan, aliyewaona jamaa zake wakiuawa na mwenyewe akanajisiwa. Jambo hili ndilo lililonigusa kuliko yote katika kitabu. Hakuna mshauri aliyewaita, hakuna mchungaji aliyebisha hodi. Kilichofungua vinywa vyao ni kukaa pamoja muda mrefu bila kuulizwa maswali.

Kwa upande wa ufundi, sura za Sudan ni dhaifu kidogo. Zina harufu ya gazeti, na Alek anazama ndani ya habari za vita. Sura za Lagos, kinyume chake, zina uhai wa mtu anayeijua mitaa, na hali ya nyumbani kwa Chisom inatufanya tuelewe kwa nini binti mwenye akili anakubali jambo ambalo nusu yake analijua. Wasomaji wengine watakwama hapo hapo na kusema, alikubali mwenyewe. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, iitwayo ya Palermo, imelijibu neno hilo. Pale vitisho, hila au matumizi mabaya ya unyonge wa mtu yametumika, ridhaa yake haihesabiwi. Nchi yetu ilitunga sheria yake juu ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Ni ajabu kwamba wanasheria wamekuwa wepesi kuelewa jambo ambalo vikao vyetu vya wazee bado vinalibishania.

Lakini sura ambayo mchungaji hapaswi kuiruka ni ya Ama. Aliyemharibu tangu utotoni alikuwa Ndugu Cyril, mume wa mama yake, mtu wa kanisa anayejulikana kwa maombi na mavazi meupe. Ama anapofumbua kinywa, ndiye anayefukuzwa nyumbani. Baadhi ya wahakiki wamekwisha kulalamika kwamba waandishi wa Kiafrika wa siku hizi wanawachora watu wa dini kwa rangi moja tu. Malalamiko hayo yana ukweli fulani, wala Cyril si mhusika mwenye utata mwingi. Hata hivyo Unigwe ameona jambo sahihi. Kwa Ama, lugha ya sala ndiyo lugha ya mtu aliyemdhuru. Mchungaji anayekuja na Biblia mkononi hawezi kudhani kwamba amekuja na dawa tu. Huenda sauti yake ndiyo inayolifumua jeraha. Anayetaka kumhudumia mtu wa namna hii atahitaji kuvumilia miezi ya kutoombwa aombe.

Hapa ndipo swali la muda linapokuja. Ubelgiji imekuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Ulaya kuweka utaratibu wa kuwapokea wahanga, na shirika la Payoke la Antwerp linafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Mhanga hupewa siku 45 za kutafakari. Kisha, ili aendelee kukaa nchini chini ya utaratibu huo, sharti awe amekata uhusiano na waliomtumikisha, akubali kuongozwa na kituo, na ashirikiane na vyombo vya sheria. Ni utaratibu mwema ukilinganishwa na kumtia mtu ndani ya ndege, lakini bado unamlipa mhanga kwa ushahidi wake. Cathy Zimmerman na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 juu ya wanawake 207 waliokuwa wakihudumiwa Ulaya, waliwahoji kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya siku 90 na zaidi. Maumivu ya mwili yalipungua mapema. Huzuni nzito ilikawia sana. Mtu aweza kuonekana amepona, ananenepa, anacheka, na usiku hapati usingizi.

Unigwe anatupa kurasa chache tu juu ya miaka ya baadaye, na hapo ninamlaumu na kumsifu kwa pamoja. Ninamlaumu kwa haraka yake, maana tumetembea na wanawake hawa mwendo mrefu kisha tunapewa mwisho kama muhtasari. Ninamsifu kwa sababu hakudanganya. Joyce anarudi Nigeria na kufungua shule, Ama anafungua duka la nguo. Efe, aliyekubali yote kwa ajili ya mtoto aliyemwacha nyumbani, anakuwa bibi wa nyumba, naye anawanunua wasichana wengine. Nimeona wanafunzi wakikasirika wanapofika hapo, wakitaka ama kumhukumu ama kumfuta. Bali wanaochunguza biashara hii wamekuta mara nyingi kwamba wanawake wanaoisimamia waliwahi kuuzwa wao wenyewe. Aliyeachwa peke yake na deni hujifunza kazi ya yule anayemdai.

Kuna kifungo kingine ambacho riwaya haikukitilia mkazo. Wasichana wengi wa Jimbo la Edo, wanakotoka wengi wa Wanaijeria waliouzwa Ulaya, huapishwa kwanza mbele ya mganga, nao huogopa kiapo kuliko polisi. Mwezi Machi 2018 Oba Ewuare II wa Benin aliwakusanya waganga katika jumba lake, akavibatilisha viapo hivyo na kuwalaani wanaowafanyia biashara watu wake. Sitaki kuingia katika mjadala kama mfalme ana mamlaka hayo kiroho. Ninachosema ni kwamba alikitaja kiapo, akajua mahali msichana alipofungwa. Mahubiri ya kumwambia asiogope kwa sababu uganga si kitu hayajamfikia bado. Na ibada ya kukemea pepo kwa dakika kumi, mbele ya umati, humwachia aibu juu ya hofu.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme binti wa usharika aliyekwenda mjini au ng'ambo kwa ahadi ya kazi amerudi, na amerudi na mtoto. Katika sharika nyingi desturi inajulikana. Ametengwa na Meza ya Bwana, na atarudishwa kundini atakaposimama mbele ya washarika na kutubu. Wazee hawana nia mbaya. Wanalinda utaratibu walioupokea. Lakini anatubu nini? Tukimtaka aungame dhambi aliyotendewa, tumeiweka Sheria mahali ambapo Injili ilitakiwa kutangulia, tena tumempa mkosaji wake nafasi ya kutokutajwa. Na kama ana jambo la kuungama kweli, maana hata aliyeonewa ni mtu, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, Kifungu cha 11, linaihifadhi ondoleo la mtu mmoja mmoja, wala halidai dhambi zote zihesabiwe. Mlango huo tunao. Hauna umati.

Wenzetu wa Kituo cha Ujamaa kule Pietermaritzburg, akiwamo Gerald West, wamekuwa wakisoma habari za Tamari pamoja na wanawake wa sharika kwa miaka mingi. Wameona kwamba wanawake wanapopewa nafasi ya kuisoma wenyewe huanza kusimulia yaliyowapata. Mchungaji atakayejaribu jambo hili ajiandae kwanza. Ajue ni nani atakayekaa na msimulizi kesho yake, na mwaka ujao. Ni mzee gani wa kanisa anayeweza kutunza siri. Ni fungu gani la diakonia litakalolipa ada ya mtoto na nauli ya kliniki baada ya wafadhili kuondoka. Asipokuwa na majibu hayo, afadhali aiahirishe sura hiyo.

Katika sura ya 14 tunasoma kwamba Absalomu alimzaa binti mzuri wa uso, akamwita Tamari. Wafasiri wengi huliona jina hilo kuwa heshima kwa dada yake. Huenda ni hivyo. Lakini kama dada alikuwa bado hai, katika nyumba ile ile, jina lake liliitwa kila siku uani, na aliyeitika alikuwa mwingine.