Krimu Ipi?

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wenzangu mnaoandika riwaya zenu kwenye madaftari ya shule, leo naomba tukosoane. Nitaanza na mimi mwenyewe, asije akatokea mtu akasema nimemvizia.

Nina muswada. Umejaa madaftari manne, nimeuandika tangu nilipomaliza kidato cha nne, na mchapishaji bado sijapata. Katika ukurasa wa tatu msichana wa hadithi anaingia kwa mara ya kwanza, nami nikaandika kwamba alikuwa mweupe, laini kama krimu. Sentensi ile niliipenda, jamani! Niliiona ya kisasa. Jioni moja nikawasomea watu wa nyumbani pale uani, dada yangu akiwa amekalia mbuzi anakuna nazi ya vitumbua vya kesho yake. Nilipofika kwenye sentensi yangu, akaacha kukuna.

"Krimu ipi?"

Nikacheka. Nikamwambia krimu ni krimu tu, dada. Yeye hakucheka.

"Ya keki, au hii yangu?"

Nikaendelea kusoma kama sikusikia. Lakini tangu siku ile neno hili nimelifuata kama mpelelezi wa hadithi za vibandani, na nimelikuta kila mahali. Mtoto analilia aiskrimu. Dukani kuna biskuti za krimu. Fundi anauliza kama ukuta upakwe rangi ya krimu. Bwana harusi kavaa suti ya krimu. Kinyozi ana krimu ya kunyolea, duka la dawa lina krimu ya fangasi, saluni ina krimu ya nywele, na kwenye meza ya dada yangu kuna kopo ambalo nalo ni krimu. Ukisoma katika hadithi kwamba "alirudi na krimu", utajuaje alichorudi nacho?

Hapo msomaji mwerevu atanipinga. Atasema lugha ndivyo ilivyo, neno moja kubeba mizigo mingi si dhambi. Kweli kabisa. Nimesema dada yangu alikalia mbuzi, na sidhani kama kuna aliyemwonea huruma mnyama. Tuna kaa wa pwani na kaa la moto, tuna paa wa mwituni na paa la nyumba, na hatujapotea. Kwa hiyo sishitaki wingi wa maana. Ninachoshitaki ni uvivu wa mwandishi anayeshika neno moja ili asipate taabu ya kutazama kitu chenyewe. Na mshitakiwa wa kwanza ni mimi.

Tutazame basi. Neno lenyewe lilitujia kwa Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kwa Wafaransa katika Zama za Kati. Wajuzi wa asili ya maneno wanaeleza kwamba huko Ufaransa yalikuwa yamechanganyika maneno mawili ya Kilatini cha siku za mwisho: moja la utando wa mafuta unaoelea juu ya maziwa, na jingine lenye asili ya Kiyunani, lenye maana ya mafuta ya kupaka. Hilo la pili Wakatoliki tunalijua sana. Ndilo Krisma, mafuta ambayo askofu hutupaka katika paji la uso siku ya Kipaimara. Kumbe tangu mwanzo neno hili lilikuwa na mguu mmoja jikoni na mwingine kwenye ngozi ya mtu! Swali la dada yangu lina umri wa mamia ya miaka.

Sasa tuulizane: kabla ya krimu, sisi tulikuwa bubu? Hata kidogo. Ule utando wa maziwa una jina, malai, na kitendo cha kuutoa kwa juu kina jina, kuengua. Maziwa yakisukwasukwa katika kibuyu yanatoa siagi, na siagi ikiyeyushwa motoni inatoa samli. Upande wa ngozi kuna marhamu ya kidonda, kuna liwa ya kusuguliwa jiweni na kupakwa usoni, kuna singo ya bi harusi. Kila moja ina harufu yake, na mwandishi akilitaja jina, msomaji keshaisikia harufu. Na krimu inanukia nini?

Nilimwuliza dada lile tui zito la chujio la kwanza, analoliweka pembeni kabla hajatia maji mara ya pili, linaitwaje. Akanitazama kama mtoto wa chekechea. "Kasimile. Hamkufundishwa?" Kwa kweli hatukufundishwa. Nilipata alama nzuri ya Kiswahili na neno hilo sikuwa nalo, wakati nimekula vyakula vyake tangu nimeota meno.

Kuna kosa jingine ambalo naliona kwetu sisi wachanga. Mtu anaandika kwamba fulani ni "krimu ya vijana wetu", au kwamba mkutano ulihudhuriwa na "krimu ya jamii". Hiyo ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Bibi yangu akisikia "krimu ya vijana" atadhani vijana wana dawa mpya ya chunusi. Sisi mtu bora tunamwita lulu, johari, mteule, tunda la kwetu, kutegemea ubora wake ni wa namna gani. Ukiandika krimu umejiepusha na kazi ya kusema kwa nini yeye ni bora.

Haya ni makosa ya lugha, na makosa ya lugha yanarekebishika kwa kalamu nyekundu. Sasa nije kwenye kopo la dada.

Mtaani lile kopo halina jina la krimu peke yake. Watu wanasema mkorogo. Nawaombeni mlisikilize neno hilo kama waandishi. Ni neno linalosema ukweli: hapa pana vitu vimekorogwa, na hujui ni vingapi. Ama neno krimu linakuficha, linakupeleka kwenye keki na maziwa. Katika vipodozi vya kujichubua wataalamu wamekuta zebaki, haidrokwinoni na dawa za steroidi. Zebaki inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, na inaweza kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka, yaani kinyume cha kile mtu alichotafuta. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika kirahisi na kidonda kikakawia kupona. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 uwe mwisho wa kutengeneza na kuuza nchi za nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Mwaka huo ulipita. Kopo bado lipo mezani.

Dada yangu anauza vitumbua alfajiri, mbele ya moto wa mkaa. Ngozi ile iliyochunwa inamuwaka. Nilikuwa namwona anajifunika uso kwa ncha ya kanga nikadhani ni moshi. Mimi, mtu ninayejidai kuwa macho yangu ni ya mwandishi!

Fasihi yetu imelisemaje jambo hili? Mara nyingi huwa namkumbuka Lawino wa Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ambaye utenzi wake ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na Paul Sozigwa akatupatia kwa Kiswahili. Lawino anapomtazama Clementine, mke mwenzake wa kisasa, hasemi tu kwamba amejiremba. Anaitazama poda, anaitazama midomo, anatazama jasho linavyoiharibu kazi yote ile. Anataja kitu kimoja kimoja. Ndiyo maana tunacheka. Lakini tusisahau kwamba Lawino hamwachii Ocol, mume aliyemdharau mke wake kwa kuwa si wa kizungu. Sisi tuliomwiga tumechukua kicheko tukamwacha Ocol. Katika hadithi zetu msichana wa mkorogo ni wa kuchekwa, uso rangi ya Fanta na miguu rangi ya Coca-Cola, na ukurasa unaofuata shujaa wa kiume anamwoa nani? Anamwoa yule "mweupe wa asili".

Hesabuni wenyewe. Chukueni hadithi kumi za mapenzi zilizoandikwa na vijana wenzetu, mtazame mpenzi anavyoingia. Ni maji ya kunde au mweupe, ana mwanya, macho malegevu, shingo ya kujikunja, mguu wa bia. Mweusi akitokea, basi ni mweusi "lakini" mzuri. Hiyo "lakini" ndiyo inayouza makopo. Sisemi kwamba riwaya ndizo zilizompeleka dada yangu dukani, maana yeye hata kusoma hapendi sana. Ila siku nilipopata ujasiri wa kumwuliza kwa nini anajipaka, alinijibu bila hasira, "Kwani huyo wa ukurasa wa tatu ni rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina zuri.

Nimelifungua tena daftari la kwanza. Neno krimu nimelikuta mara kumi na moja. Mbili zilikuwa malai, moja ilikuwa kasimile, tatu zilikuwa rangi ya ukuta ambayo ukiitazama vizuri ni rangi ya pembe ya ndovu iliyoshika vumbi. Nne nimezifuta kabisa, zilikuwa mapambo tu. Ya ukurasa wa tatu imenishinda. Nimemwandika upya msichana yule mara sita, na kila mara nikitaka kusema ni mzuri mkono wangu unakimbilia rangi. Sasa hivi anaingia akiwa amebeba ndoo ya maji, na msomaji anaambiwa jinsi anavyocheka. Sijui kama inatosha.

Wenzangu, someni, mnikosoe. Ila msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.