Chupa ya Mofini Baada ya Mazishi

Mtu akifariki Ubaruku, hapa Mbarali, turubai hufungwa, majirani huleta mchele na kuni, na nyumba haipungui watu mpaka matanga yaondolewe. Kisha kila mmoja anarudi kwenye majaruba yake, na mjane anabaki na maswali.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2002 ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa mahututi na familia yake, lilitaja wazi kuwa msiba wa familia ni sehemu ya huduma, na ni kazi ya timu. Nchini, Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza huduma hiyo mwaka 1999, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likaifikisha kwenye hospitali zake nyingine, ikiwemo Ilembula, jirani zetu wa Njombe. Humo daktari, muuguzi, mchungaji na wahudumu wa kujitolea wanamhudumia mgonjwa mmoja.

Kwa nini wengi hivyo? Tuangalie chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mgonjwa akishazikwa, dawa iliyobaki haifai kukaa nyumbani, kwa hiyo muuguzi ana sababu ya kurudi. Anakaa mkekani, anatoa pole, anaifunga chupa vizuri ili aondoke nayo. Hapo ndipo mjane huuliza kwa sauti ya chini: “Nesi, kile kipimo cha mwisho nilichompa, ndicho kilichomuua?” Mchungaji hana jibu la swali hilo, wala shemeji. Muuguzi anayeijua dozi analo: ilikuwa ile ile aliyoizoea, na ugonjwa ndio uliomchukua. Asiporudi muuguzi, mama huyu ataishi akijiona muuaji.

Akiuliza Mungu alikuwa wapi, swali hilo ni la mchungaji au shehe. Ndugu wa mume wakianza kupima majaruba, aitwe afisa ustawi wa jamii, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mtoto aliyeacha kuongea ataonwa kwanza na mhudumu wa kujitolea, kwa kuwa mhudumu huyo anaishi mtaa uleule.

Udhaifu ninaouona ni kwamba kwenye timu kila mtu hudhani mwenzake ameshakwenda. Ndugu zangu wahudumu wa Mbarali, nawaomba: kabla hamjaondoka makaburini, kubalianeni nani atarudi kwenye nyumba ile, na tarehe gani.